Marekani wamebana walengwa wa chanjo ya korona, sisi tukasoma "walitudanganya"

Tangu Agosti 2025 kuna klipu na maandishi yamezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar na ujumbe wake ni uleule: Wamarekani wenyewe wameacha chanjo ya korona, kwa hiyo waliogoma kuchanja 2021 walikuwa na akili na sisi tuliochanja tuliingizwa mjini. Nimeiona grupu la ukoo, la mtaa, mpaka la wazazi wa shule. Habari iliyo nyuma yake sio ya kutunga. Tarehe 27 Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitisha chanjo za msimu mpya ila kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, na walio chini ya hapo wenye angalau tatizo moja la kiafya linalowaweka kwenye hatari. Wiki tatu hivi kabla ya hapo, tarehe 5 Agosti, wizara yao ya afya ilitangaza kufunga miradi 22 ya kutengeneza chanjo za teknolojia ya mRNA (zile zinazoupa mwili maelekezo ya kujitengenezea kinga), yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Ukiyachukua hayo mawili ukayaunganisha ukiwa kijiweni unapata stori tamu sana. Mimi naona tumeisoma vibaya, tena vibaya kwa namna ya hatari, maana kilichobadilika ni nani anahitaji sindano nyingine, na kwenye hiyo orodha iliyobaki Dar tuna watu wengi mno, na hao hao ndio klipu inawaambia wakae mbali.

Turudi nyuma kidogo maana bila hapo hatuelewani. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na takwimu zikakoma kutoka mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Tukaenda mwaka mzima na zaidi bila namba. Tukajifukiza, tukanywa malimao na tangawizi, tukasikia habari za papai na mbuzi kupimwa wakakutwa na korona, tukaletewa dawa ya Madagascar, halafu ikafika Januari na Februari 2021 watu wakaanza kuzika mfululizo na tangazo la msiba likisema tu "changamoto ya upumuaji". Tarehe 17 Februari 2021 walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi uliofuata akafariki Rais Magufuli, ambaye Januari akiwa Chato alikuwa ameonya hadharani kuhusu hizi chanjo. Rais Samia akaingia, akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawa chanjo za korona, na Julai 28 yeye mwenyewe akachomwa mbele ya kamera Ikulu hapa Dar. Yaani ndani ya miezi sita serikali ileile, chama kilekile, imetoka kwenye "tahadhari na chanjo" mpaka "nendeni mkachanje". Mtu akikwambia watu walikosa imani kwa sababu ya ujinga, muulize yeye angefanyaje.

Kuna kitu kimoja kwenye hiyo Julai ambacho karibu kila mtu amekisahau. Serikali ilipoanza ilitaja makundi matatu ya kipaumbele: watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi na ndilo jibu la leo pia, karibu neno kwa neno. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 18 na kuendelea, mwishoni mwa 2021 ukaja ule mpango shirikishi na harakishi, timu zikapita nyumba kwa nyumba, sokoni, stendi, na kiwango cha uchanjaji ambacho mwanzoni mwa 2022 kilikuwa asilimia chache tu kikapanda kwa kasi hadi karibu nusu ya nchi kufikia 2023. Kwa kazi ile watu wanastahili sifa. Lakini njiani ujumbe ulisagwa ukawa mmoja, "chanjo ni salama, kachanje", bibi wa Temeke mwenye presha na kijana wa gym Mbezi wakaambiwa sentensi ileile kwa sauti ileile. Kipindi kile sawa, ilikuwa dharura. Tatizo linakuja pale ushauri unapotofautishwa baadaye: kijana anaambiwa wewe huhitaji tena, na yule bibi anasikia kwamba hata yeye hahitaji.

Sasa tuichukue hoja yenyewe. Ni kweli siasa imo Marekani, tena imo nyingi. Waziri wao wa afya, Robert F. Kennedy Jr., ni mtu aliyejulikana kwa kupinga chanjo miaka mingi kabla hajapewa wizara, na Juni 2025 aliwaondoa wajumbe wote 17 wa kamati inayoshauri nchi kuhusu chanjo. Kwa hiyo ukitumia Marekani kama ushahidi wa kisayansi unatumia uwanja uliochafuka, kwa upande wowote unaosimamia. Ndiyo maana mimi nashauri tuitazame Uingereza ambako hakuna Kennedy. Wao kwenye dozi za nyongeza za msimu wa baridi 2022 walianzia miaka 50, mwaka 2023 wakapandisha hadi 65, na 2025 wakafika 75, pamoja na wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee na wenye kinga dhaifu. Wamebana kuliko hata Marekani, hakuna aliyetoa klipu. Na sababu yao waliiweka wazi kwa hesabu: kwenye zile dozi za nyongeza za 2022 walikadiria kwamba ili kuzuia mtu mmoja asilazwe unatakiwa kuchanja watu kama 800 wa miaka 70 na kuendelea, ila kwa watu wa miaka 50 hadi 59 unatakiwa kuchanja kama 8,000. Sindano ni ileile, kwa mzee ina faida mara kumi zaidi. Hapo suala la chanjo kuwa uongo halimo hata kidogo, kinachopigiwa hesabu ni pesa ya walipa kodi na muda wa manesi, na mwaka hadi mwaka hesabu ilibadilika kwa sababu watu wameshaumwa, wameshachanjwa, au vyote viwili, na kirusi chenyewe tangu Omicron ilipotangazwa Novemba 2021 kimekuwa kikiwakuta watu ambao miili yao imeshakutana nacho.

Shirika la Afya Duniani lilisema kitu hichohicho Machi 2023, mwezi mmoja na kidogo kabla halijatangaza mwisho wa dharura ya dunia tarehe 5 Mei. Likagawa watu mafungu matatu. Fungu la juu ni wazee, wenye magonjwa kama kisukari na moyo, wenye kinga dhaifu wakiwemo wanaoishi na VVU, wajawazito na watumishi wa afya, hao wakashauriwa nyongeza nyingine baada ya miezi 6 au 12 kutegemea na hali ya mtu. Fungu la kati ni watu wazima wenye afya: dozi za msingi na nyongeza moja, basi, zaidi ya hapo sio ushauri wa kawaida. La chini ni watoto na vijana wenye afya. Yaani kijana wa miaka 30 asiye na tatizo akiniambia hana mpango wa kuchoma tena, mimi sibishani naye kabisa, na WHO nao hawabishani naye.

Halafu hii habari kwamba dozi zikibadilishwa maana yake mwanzo ulikuwa uongo, mbona hatuitumii kwa chanjo nyingine? Chukua kadi ya njano. Wafanyabiashara wa Kariakoo na madereva wa malori wanaijua vizuri, zamani chanjo ya homa ya manjano ilikuwa inaisha kila miaka 10, ukichelewa unachomwa tena. Kuanzia Julai 2016 sheria ya kimataifa ikabadilika, ukichoma mara moja ni ya maisha. Hakuna aliyesimama pale mpakani akasema tuliibiwa miaka yote hiyo. Au chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti, iliyozinduliwa Aprili 2018 huku Mbagala na Samia mwenyewe akiwa Makamu wa Rais, ilianza kwa dozi mbili na sasa ni dozi moja, kwa sababu ushahidi ulionyesha moja inatosha. Dozi ikipungua huko tunashukuru, ikipungua kwenye korona tunasema njama. Tofauti sioni kwenye sayansi, naiona kwenye namna korona ilivyotufikia, kwa haraka, kwa kelele na kwa siasa.

Upande wa waliosita wana hoja nzito na ningependa tuzitendee haki. Ya kwanza ni kinga ya kuumwa. Uchambuzi wa WHO kanda ya Afrika uliotoka Aprili 2022 ulionyesha kwamba kufikia Septemba 2021 karibu asilimia 65 ya Waafrika walikuwa wameshakutana na kirusi, kutoka asilimia 3 tu Juni 2020. Kwa lugha nyingine, chanjo ya kwanza inatua Dar Julai 2021 watu wengi walikuwa tayari na kinga fulani mwilini, waliyoilipia wenyewe, na wengine waliilipia kwa maisha. Mtu aliyesema "mimi nimeshaumwa hii kitu, nimepona" hakuwa anaropoka. Ya pili ni umri wetu, karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18, na korona ilikuwa inabagua kwa umri bila aibu, kwa hiyo kutuletea hofu ileile ya Italia ilikuwa haiendani na mtaa. Ya tatu ni madhara. Yapo. Johnson & Johnson, ileile tuliyoanza nayo, ilihusishwa na tatizo adimu la damu kuganda. FDA Mei 2022 wakabana matumizi yake wakiwa wamethibitisha wagonjwa 60 na vifo 9, kati ya dozi milioni 18 hivi zilizotolewa kule. Na zile za mRNA zikahusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, adimu pia na wengi wanapona, ila upo. Anayesema madhara ni sifuri anamsaidia mpinzani, maana siku ya siku mtu akigugo akayaona anaamini kwamba vyote vingine navyo vilifichwa.

Lakini angalia hizo hoja tatu zinaelekea wapi. Kinga ya kuumwa inapungua kwa muda, na inapungua vibaya zaidi kwa mzee. Umri mdogo wa taifa haumsaidii mama wa miaka 68, yeye hana wastani wa taifa, ana miaka 68. Na madhara adimu unayapima dhidi ya hatari ya ugonjwa wenyewe kwa mtu husika: kijana mwenye afya mizani yake inakaribia kulala upande wa "subiri", mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki mizani yake iko kwingine kabisa. Yaani hoja bora za wanaokataa, ukizifuata mpaka mwisho, zinakupeleka kwenye orodha fupi ya walengwa. Hazikupeleki kwenye "wote msichanje".

Zile dhaifu nitazipitia haraka. Tuliambiwa waliochanja wataisha ndani ya miaka miwili, mitatu ikizidi sana. Waliochomwa Julai 2021 bado tunagombania nao siti za mwendokasi Kimara. Tuliambiwa ni ya kuzuia uzazi, nenda wodi yoyote ya wazazi Dar ukaone kama kuna vitanda vimekosa watu. Tuliambiwa Waafrika tumefanywa panya wa majaribio, wakati jaribio kubwa la Johnson lilikuwa na watu kama 44,000 na kundi kubwa lilikuwa Marekani kwenyewe, pamoja na Amerika Kusini na Afrika Kusini, na ilipotufikia sisi mamilioni walikuwa wameshachomwa. Kama kuna malalamiko ya haki hapo ni kinyume chake, kwamba tulipewa mwishoni, wenzetu wakishajigawia mara mbili. Mbunge wa Kawe wa wakati ule, Askofu Gwajima, aliyehubiri dhidi ya chanjo, Bunge lilimsimamisha mikutano miwili Agosti 2021. Kwa maoni yangu adhabu ile haikumbadilisha mtu hata mmoja aliyekuwa anamwamini. Ilichotakiwa ni majibu.

Na jibu moja ambalo halikutoka vizuri ni la hiyo Johnson kuwa "ya dozi moja". Watu waliambiwa ukichoma umemaliza. Kwa mji kama huu ilikuwa raha, hakuna kurudi, hakuna foleni ya pili. Lakini kufikia Oktoba 2021 Marekani walikuwa wanawashauri wote waliochoma Johnson waongeze nyingine baada ya miezi miwili, Afrika Kusini watumishi wa afya waliochomwa kwenye mpango wa Sisonke wakaanza kupewa ya pili Novemba, na Desemba wataalamu wa WHO wakasema dozi mbili ni bora kuliko moja. Huku mtaani taarifa hiyo ilifika kama tetesi. Kuna watu wazima wengi tu Dar wana cheti chenye kimraba cha kuskani, walikichukua kwa ajili ya safari ya Dubai au Guangzhou, na mpaka leo wanajihesabu wamekamilika kwa sindano moja ya 2021.

Mama yangu mdogo ana sukari, anachoma insulini, ana miaka sitini na kitu. Klipu ilipomfikia alinipigia, "Mwanangu, kwa hiyo ile kitu ndo basi, sina haja tena?" Nikamwambia mama, hao Wamarekani wamesema wenye sukari waendelee. Akanyamaza kidogo, akasema "mbona hiyo hawajaiandika". Ni kweli, kwenye ile fowadi haikuwepo.

Watu kama yeye ni wengi kiasi gani? Wanaoishi na VVU peke yao, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022/23, ni asilimia 4.4 ya wenye miaka 15 na kuendelea, takribani watu milioni 1.5. Ongeza sukari, presha iliyofika kwenye moyo, figo, sikoseli, pumu kali, saratani, ongeza wazee wote. Dar ina watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022, na ndipo penye kliniki kubwa za magonjwa haya. Hawa watu hata hatuhitaji kuwatafuta nyumba kwa nyumba, wanakuja wenyewe. Mwenye VVU yuko CTC, kliniki yake ya dawa, kwa tarehe zake, mwenye sukari ana kadi ya kliniki, wa figo tunajua anakaa kitanda gani siku gani. Swali lao la chanjo, ya korona au nyingine yoyote, lingeulizwa pale na mtu anayemjua mgonjwa, badala ya kuliacha litatuliwe na shemeji kwenye grupu.

Mtu atasema Wabongo hawapendi chanjo za watu wazima. Sio kweli hata kidogo, angalia homa ya ini. Watu wanatoa hela yao mfukoni, wanapima kwanza, wanachoma dozi tatu ndani ya miezi sita, wanarudi kwa tarehe bila kukumbushwa na polisi wa kata. Miongoni mwao wamo waliogoma korona ya bure. Nimejiuliza sana kwa nini, na nadhani ni kwa sababu homa ya ini inaanza na kipimo, mtu anaambiwa hali yake yeye, halafu ndo anaamua. Ukiwa umepimwa unajiona umeshauriwa. Ukisimamishwa stendi na kipaza sauti unajiona umekamatwa. Watu wazima tofauti na watoto hawana kliniki ya chanjo wala kadi ya kuwakumbusha sindano, wanakutana na chanjo kwa ajali: ujauzito na pepopunda, safari na kadi ya njano, Hija, au mbwa amekuuma. Hakuna sehemu ambayo mtu wa miaka 55 anakwenda kuuliza tu "mimi kwa umri wangu na hali yangu nakosa nini".

Na hili linakuja na bili. COVAX ilifungwa Desemba 31, 2023. Juni 2025 Marekani wakatangaza kuacha kuichangia Gavi, ambayo ndiyo imebeba chanjo nyingi za nchi kama yetu. Zama za ndege kutua na dozi milioni za bure kwa kila anayetaka zimepita, kwa hiyo hata tukitaka kuchanja kila mtu hatuwezi, kubana walengwa kutatukuta na sisi tupende tusipende, na afadhali kutukute tumeshakubaliana ni nani wa kwanza. Mpox imeshatuonyesha sura ya kinachokuja: Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025, na chanjo yake tangu mwanzo ilikuwa hasa ya waliokutana na mgonjwa na wahudumu wa afya, haikuwahi kuwa ya kila mtu. Ugonjwa ujao kama huo ukitua Dar, wizara itasimama na kutaja kundi dogo la watu wa kuchanjwa kwanza, na mtaa uliozoea kwamba chanjo ya kweli ni ya wote utauliza kwa nini hao tu, wamefanya nini, wanafichwa nini. Jibu la swali hilo inabidi liandaliwe na watu wa Muhimbili na wa kliniki za sukari kuanzia sasa, kabla ya mtu mwenye bando na muda hajarekodi la kwake.